Ngoma ya Mishale: Habari za Mchezo Mmoja wa Kijapani

Kiswahili hutumia kitendo kimoja, kucheza, kwa mambo mawili ambayo lugha nyingine huyatenga. Mtoto hucheza mpira, mzee hucheza bao, na wote wawili siku ya arusi hucheza ngoma. Kijapani hakifanyi hivyo. Mjapani akisema habari ya mchezo wa kujifurahisha hutumia neno asobu, na akisema habari ya ngoma hutumia neno odoru, na maneno hayo mawili hayakaribiani hata kwa sauti. Mwaka 1998 mtambo mmoja uliwekwa katika kumbi za michezo za Japani, ukawataka watu wafanye yote mawili kwa miguu ileile na kwa sarafu ileile. Jina lake ni Dance Dance Revolution, na jina hilo latangaza mapinduzi. Lakini mapinduzi hayo yalikuwa ya ngoma au ya mchezo? Waliopanda juu ya mtambo huo walibishana juu ya swali hilo kwa miaka mingi, wala hawakubishana kwa maneno tu, bali kwa magoti na vifundo vya miguu.

Kampuni ya Konami, iliyouunda mtambo huo, ilianza mwaka 1969 katika mkoa wa Osaka kwa kazi isiyo na fahari kubwa. Mwanzilishi wake, Kagemasa Kozuki, alikodisha na kutengeneza masanduku ya santuri, yale ambayo mtu hutia sarafu na kusikilizishwa wimbo autakao. Baadaye kampuni iliingia katika michezo ya kioo na umeme, na kwa miaka mingi muziki ukawa kwake pambo tu la michezo ya vita na ya mbio. Muziki ulirudi kuwa bidhaa yenyewe mwezi wa Desemba 1997, ilipotoka beatmania. Katika mchezo huo mtu alisimama mbele ya vibonye vitano na sahani moja ya kuzungushwa mfano wa santuri. Alama zilishuka katika kioo, naye alipaswa kubonyeza kila alama ilipofika mstari wa chini, na kila alipobonyeza alisikia kipande cha wimbo. Wazo la kumfanya mtu afuate mdundo kwa vibonye halikuwa la Konami peke yake, kwa maana mwaka 1996 Masaya Matsuura alikwisha kulitumia katika PaRappa the Rapper, mchezo wa nyumbani. Hata hivyo beatmania ilipendwa kiasi cha kuwa idara ya muziki ya kampuni ilichukua jina lake kwa ufupi, ikaitwa Bemani. Kutoka mikononi kwenda miguuni ilibaki hatua moja tu.

Hatua hiyo haikuwa ndogo, kwa sababu ya mahali ilipopigwa. Mwaka 1948, Japani ikiwa bado chini ya majeshi ya washindi wa vita, ilipitishwa sheria ya kuangalia biashara za starehe. Sheria hiyo iliyahesabu majumba ya dansi pamoja na vilabu vya ulevi na nyumba za kamari, kwa hofu kwamba wanaume na wanawake wanaocheza pamoja usiku huishia katika ukahaba. Mwenye jumba alihitaji leseni, na saa za kufunga ziliwekwa. Mwaka 1984 sheria ilirekebishwa, na safari hii kumbi za michezo ya mashine nazo zikatiwa ndani yake, zikaamriwa kufunga usiku wa manane. Basi dola ya Japani ilikuwa imeutazama mchezo na ngoma kwa jicho moja la shaka, lakini katika vifungu mbalimbali. Mtambo wa mwaka 1998 ulisimama katika nyumba iliyopewa leseni kwa ajili ya mchezo, na juu yake vijana walionekana wakirukaruka mbele ya wapita njia.

Yafaa sasa kueleza jinsi unavyochezwa, maana bila hayo ubishi wenyewe hauwezi kufahamika. Mbele kuna kabati kubwa lenye kioo cha picha na vipaza sauti. Chini yake kuna jukwaa la chuma la kuchukua watu wawili bega kwa bega, na kila mmoja ana vibao vinne vinavyotambua uzito wa mguu: cha kushoto, cha kulia, cha mbele na cha nyuma. Katikati ya vibao pana mahali pa kusimama pasipo na kazi yoyote. Nyuma ya kila mchezaji kuna bomba la chuma lililopindwa, lililowekwa ili mtu asianguke. Mchezaji huchagua wimbo na kiwango cha ugumu. Na hapo mishale huanza kupanda kutoka chini ya kioo, ikielekea mishale minne iliyotulia juu. Mshale unaopanda ukifunika ule uliotulia, mguu lazima uwe umekanyaga kibao cha upande ule wakati uleule. Mishale miwili ikifika pamoja, mtu huruka na kutua kwa miguu yote miwili. Kila hatua hutolewa hukumu papo hapo katika kioo: kamili, nzuri sana, nzuri, ya kuzomewa, au iliyokosekana kabisa. Kipimo kilicho juu hujaa kwa hatua njema na kupungua kwa mbaya, na kikiisha wimbo hukatizwa. Wimbo mmoja huchukua kadiri ya dakika moja na nusu.

Mwanafunzi wa siku ya kwanza huutazama mshale na kuukimbilia, na kwa hiyo huchelewa, kwa kuwa jicho likisubiri mshale ufike, mguu huwa umekwisha kukosa. Hujifunza taratibu kwamba kioo humwambia hatua ipi, lakini ni sikio linalomwambia lini. Halafu huacha kosa la pili, la kurudi katikati kila baada ya hatua. Mguu huachwa pale ulipotua, na mguu wa pili ndio hupokea hatua inayofuata. Kupokezana huko ndiko siri ya mchezo wote. Chukua mishale mitatu, wa kushoto, wa nyuma, kisha wa kulia. Mguu wa kushoto hukanyaga wa kwanza, wa kulia hukanyaga wa pili. Wa tatu ni zamu ya mguu wa kushoto tena, nao hauwezi kufika upande wa kulia isipokuwa kwa kupita mbele ya mwenzake. Kiuno hugeuka, na bega la kushoto huelekea kwenye kioo. Mtu ambaye hajapata kufundishwa dansi maisha yake yote hujikuta amepinda mwili kwa mdundo, na aliyempindisha hayupo ukumbini: ni mtungaji aliyepanga mishale ile miezi mingi kabla, akijua mwili wa binadamu huenda wapi ukipewa njia moja tu.

Lakini ni kweli kwamba njia ni moja tu? Hapa ndipo ubishi ulipozaliwa. Mtambo haukuwa na jicho. Ulitambua uzito juu ya kibao na wakati wake, basi. Mchezaji mvivu aliweza kukanyaga mara mbili kwa mguu uleule wa kulia asigeuke hata kidogo, na hukumu ikawa ileile. Aliweza kulishika lile bomba la nyuma kwa mikono yote miwili, akautundika uzito wake hapo, akaiacha miguu igongegonge vibao kama vidole vya mpiga taipu. Na upande wa pili, mwingine aliweza kuupa kioo mgongo, kwa kuwa alikwisha kuihifadhi mishale yote kwa moyo, akawaelekea watazamaji, akapiga magoti, akakanyaga kibao kwa kiganja cha mkono, akazunguka na kutua sawasawa na ngoma. Mtambo uliwapa watu hawa wote alama zilezile. Kwa mashine hapakuwa na tofauti baina ya aliyecheza na aliyecheza.

Binadamu waliokuwa wakitazama waliiona. Katika mashindano ya miaka ya mwanzo ya karne hii, hasa Marekani, ilibidi wachezaji wapimwe kwa makundi mawili: kundi moja lilitafuta hatua kamili na lilihukumiwa na mtambo, la pili lilionyesha ngoma ya kubuni na lilihukumiwa na waamuzi walioketi. Wa kundi la kwanza waliwaona wa pili kuwa ni watu wa maonyesho wanaochagua nyimbo nyepesi ili wapate nafasi ya mapozi. Wa kundi la pili waliwaona wa kwanza kuwa wamegeuza ngoma kuwa hesabu. Ugomvi mkubwa kuliko yote ulihusu bomba la chuma. Kulishika ni hila, au ni kutumia kilichowekwa? Waliokataa walisema kwamba mtu anayening'inia hachezi. Waliokubali walijibu kwamba kampuni ndiyo iliyoliweka. Kila upande ulikuwa na sehemu ya haki. Lakini waliokataa waliilinda heshima ambayo hakuna alama iliyowalipa kwayo, na jambo hilo si dogo katika mchezo uliojengwa juu ya alama.

Kampuni yenyewe haikutamka upande wake, ila nyimbo zake zilitamka. Toleo la kwanza lilichukua nyimbo nyingi kutoka katika mfululizo wa santuri za dansi ulioitwa Dancemania. Miongoni mwake ulikuwamo Butterfly wa waimbaji wa Uswidi waitwao Smile.dk, wimbo mwepesi ambao hata mgeni huumaliza akicheka. Kando yake Naoki Maeda, mtunzi wa kampuni, aliweka wimbo wa PARANOiA, akajiita hapo kwa tarakimu 180, nayo ndiyo hesabu ya mapigo yake kwa dakika. Mtunzi anayejiita kwa mwendo wa wimbo wake amekwisha kuonyesha anachokithamini. Matoleo yalifuatana haraka, na ugumu ukapanda. Mwaka 2001, katika toleo la DDRMAX, ulitokea wimbo wa MAX 300, ambao haukuchaguliwa ovyo: ulitolewa kama ziada kwa aliyefanya vizuri sana katika wimbo wake wa mwisho. Mapigo yake ni 300 kwa dakika, yaani 5 kwa sekunde, na mishale huja miwili kwa kila pigo, yaani hatua 10 kwa sekunde, sekunde baada ya sekunde. Hakuna dansi ya duniani inayochezwa hivyo. Wengi waliolidharau bomba la chuma walirudi nyuma siku ile wakalishika.

Toleo hilohilo liliondoa nyayo zilizokuwa zikionyesha ugumu wa kila wimbo, likaweka badala yake mchoro wa pembe tano. Wachezaji hawakuupenda peke yake, na toleo lililofuata liliwarudishia nyayo. Pia lilileta mishale mirefu ya kukanyagwa na kushikiliwa, na likamruhusu mchezaji kuongeza kasi ya mishale ili ipate kuachana katika kioo na kusomeka vizuri. Ruhusa hiyo ya mwisho yaonekana ndogo, lakini iliwafaa wasomaji kuliko wachezaji ngoma.

Nje ya Japani habari zilikwenda kila upande. Korea ilitoa mtambo wake, Pump It Up, mwaka 1999, wenye vibao vitano, vinne vya pembeni na kimoja cha katikati, hivyo hata mahali pale pa kupumzikia pakapata kazi. Baada ya toleo la Extreme la mwaka 2002 Konami haikuleta toleo jipya katika kumbi mpaka mwaka 2006, na katika ukimya huo kampuni ya Roxor ya Marekani ilitoa In the Groove mwaka 2004. Mchezo huo ulidai hata mishale mitatu kwa pamoja, ili mkono ushuke sakafuni kuisaidia miguu. Konami ilishtaki mwaka 2005, na mwaka 2006 shauri likaisha kwa mapatano yaliyoikabidhi haki za mchezo ule. Yaani mtindo wa kuinama na kugusa kibao kwa mkono, ambao watu wa ngoma waliuanzisha kwa hiari yao, ulikwisha kuandikwa kuwa sharti, ukapiganiwa mahakamani. Mwaka huohuo wa 2006 jimbo la West Virginia lilitangaza mpango wa kuupeleka mchezo wa Konami katika shule zake zote za serikali, kwa sababu ya unene wa watoto. Hapo ukawa si mchezo wala ngoma, bali dawa.

Japani nayo ilikuwa ikijipinga yenyewe. Tangu mwaka 2012 dansi ni somo la lazima katika shule za kati, katika mazoezi ya viungo, ilhali sheria ya mwaka 1948 bado ilimzuia mtu mzima kucheza katika klabu baada ya saa za kufunga. Wanamuziki na wenye vilabu walikusanya sahihi kwa maelfu, na bunge likairekebisha sheria mwezi wa Juni 2015. Kuanzia Juni 2016 klabu yenye leseni iliweza kuchezesha watu mpaka alfajiri, mradi mwanga wake usipungue lux 10. Kwa hiyo sheria sasa ilipima mwanga, kama mtambo ulivyopima uzito, na wala mmoja wao haukujua ngoma ilikuwa njema au mbaya.

Miezi michache kabla ya siku hiyo Konami ilitoa toleo lililoitwa DDR A, na mwaka 2024 likaja DDR World. Katika kumbi zilizobakia, bomba la chuma lingali nyuma ya jukwaa, limechakaa rangi mahali pawili, upana wa mikono miwili.