Kutoka Bamvua hadi Maji ya Kina: Historia Fupi ya Kilimo cha Mwani Mashariki mwa Unguja

Kabla ya mwaka 1989, mwani katika vijiji vya mashariki mwa Unguja ulikuwa mmea wa kuokotwa, si wa kupandwa. Mwaka huo kilimo cha kibiashara kilianza Paje na Jambiani kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, kikitanguliwa na utafiti wa miaka mingi ambao Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Msamiati wa nchi kavu, yaani shamba, mbegu na mavuno, ukahamia pwani.

Mbinu yenyewe ilikuwa nyepesi: vigingi hukitwa mchangani, kamba hufungwa baina yake, na vipande vya mwani huning'inizwa kwenye kamba hizo. Kazi hufanyika wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mno. Kalenda hiyo haikuwa ngeni kwa wanawake, ambao tangu zamani walishuka pwani kuokota chaza na kufukia makumbi ya kutengenezea kamba za usumba. Ndiyo maana kilimo hiki kilienea haraka, na wakulima wake wengi wakawa wanawake. Kwa mapato hayo walisomesha watoto na kujenga nyumba.

Hata hivyo, aina mbili zilizopandwa hazikuwa na thamani sawa. Kotoni ina bei kubwa lakini haihimili joto. Spinosamu ni stahimilivu, ila bei yake ni ndogo. Kuanzia miaka ya 2000, maji ya pwani yalipozidi joto, kotoni ilidhoofika na kufa, na wakulima wengi wakabaki na spinosamu.

Suluhisho linalopendekezwa ni kuhamishia kotoni kwenye maji ya kina. Kibaiolojia, hoja hiyo ina mashiko. Kijamii, inabadili masharti ya kazi: bamvua pekee halitoshi tena, sasa panahitajika chombo na ustadi wa kuogelea, na wakulima wengi wa kike hawana kimojawapo. Sera isiyozingatia jambo hili inaweza kuunusuru mwani na kumpoteza mkulima wake. Kwa hiyo, mafunzo ya kuogelea na umiliki wa vyombo kwa vikundi vya wanawake havina budi kutangulia kamba na mbegu katika bajeti ya uendelevu.