Wamijikenda na Daftari la Utamaduni wa Mwambao

Neno Wanyika lilikuwa jina la kuitwa, wala halikuwa jina la kujiita. Watu wa mji waliwaita hivyo majirani zao waliokaa bara ya Mombasa, na wageni wa Kizungu wakalipokea bila kuuliza. Katika miaka ya 1940 wenyewe walilikataa, na jina la Mijikenda likashika mahali pake. Lakini maoni yaliyofungwa ndani ya jina la kale hayakuondoka pamoja nalo. Hata katika maandishi ya wasomi, Mmijikenda aghalabu huonekana kuwa mpokeaji: amepokea lugha ya mji, amepokea dini ya mji, amepokea nguo ya mji. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba hesabu hiyo imeandikwa upande mmoja tu wa daftari.

Na tuanze na hesabu yenyewe. Mswahili wa leo husema sita, saba na tisa, maneno yote matatu ya asili ya Kiarabu. Kiswahili cha kale kilikuwa na tandatu, fungate na kenda. Kenda bado husikika hapa na pale. Fungate imebaki katika arusi, nazo ni zile siku saba za maharusi, na wengi wanaolitamka neno hilo hawajui kwamba lilikuwa tarakimu. Kwa Mgiriama maneno haya hayajazeeka: handahu, fungahe, chenda. Mwanaisimu ataona mara moja kwamba t ya Kiswahili inalingana na h ya Kigiriama, kama vile tatu ilivyo hahu. Tena, pale Kiswahili kilipodondosha l, Kimijikenda kimeihifadhi: kukaa ni kukala, mvua ni mvula, njaa ni ndzala. Anayetaka kujua sura ya Kiswahili kabla ya kuvaa kanzu hana budi kupanda Rabai au Kaloleni.

Hata hivyo tusivuke mpaka wa ushahidi. Lugha hizi, pamoja na Kipokomo, Kielwana na Kikomoro, ni ndugu wa kundi la Sabaki, kama walivyoeleza Nurse na Hinnebusch kwa kirefu mwaka 1993. Undugu ni jambo moja, mchango ni jambo jingine. Ndugu anaweza kukaa jirani asichangie kitu.

Mchango twauona katika historia ya mji. Wareno wa karne ya 17 waliwaita watu hawa Musungulos, na nyaraka zao zasimulia jinsi walivyopewa nguo ili amani ikae. Mwaka 1614 Sultani Hasan wa Mombasa alipokosana na Wareno, alikimbilia bara. Akauawa huko huko na Musungulos kwa uchochezi wa Wareno. Kisiwa hakikuweza kujilisha wala kujilinda peke yake. Mataifa ya Thenashara Taifa yalikuwa na marafiki zao wa kudumu miongoni mwa Wamijikenda. Kwa njia hiyo nafaka, pembe na sandarusi vilishuka pwani, na watu pia, wakioa na kuolewa hata wajukuu wakawa Waswahili. Willis, katika kitabu chake cha 1993, ameonyesha kwamba mipaka baina ya majina haya mawili ilikuwa ikivukwa kila siku. Wale wanaotafuta asili ya Mswahili ng'ambo ya bahari huruka kivuko kilicho karibu zaidi.

Elimu yetu wenyewe ina deni. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na baada ya Rebmann kuja mwaka 1846 wakafungua kituo Rabai. Sarufi ya Kiswahili aliyoichapisha Krapf mwaka 1850 yataja Kinika katika anwani yake. Yaani taaluma ya sarufi ya Kiswahili kwa herufi za kuchapwa ilizaliwa ikiwa na Kimijikenda ubavuni. Ni ajabu kidogo kwamba sisi tuliokuja baadaye tukaufunga mlango huo. Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa lugha sanifu, na Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka 1930, Kimvita kiliwekwa kando, na pamoja nacho majirani wote waliokilisha.

Mwaka 2008 UNESCO iliiingiza misitu ya makaya katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka 2009 mila zake zikaorodheshwa miongoni mwa zile zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Maneno ya ndani ya misitu hiyo, ya miti, ya dawa, ya viapo na ya vyeo vya wazee, mengi hayajaingia katika kamusi zetu za Kiswahili. Mwenye kuunda istilahi ya elimu ya mimea leo hufungua kwanza kamusi ya Kiarabu, kisha ya Kiingereza, ilhali mzee ajuaye jina la mti huo anakaa mwendo wa saa moja kutoka Mombasa kwa gari.