Wanga Si Kabohaidreti Zote

Mgonjwa wa kisukari anayeambiwa kliniki "punguza wanga" hupewa agizo la maana kwa neno lisilolitosha. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, wanga ni ule wa ugali, wali, mihogo, viazi na ndizi za kupika. Ndio pia unaotiwa kwenye nguo ili zikakamae zikipigwa pasi. Soda haihesabiwi kuwa na wanga, wala juisi ya miwa, wala asali. Na wanaosema hivyo hawajakosea. Kikemia, wanga ni minyororo mirefu ya glukosi, na kwenye soda hakuna mnyororo wa aina hiyo. Ila daktari hakukusudia wanga peke yake. Alikusudia kabohaidreti, yaani kundi zima lenye wanga, sukari za kila aina, pamoja na nyuzinyuzi, ambazo baadhi ya wataalamu wa lishe Tanzania huziita makapimlo. Kuliita kundi zima kwa jina la mmoja wa wanakundi kunamponza mtu ambaye afya yake inategemea kujua nani mwingine yumo.

Istilahi yenyewe ilizaliwa maabara za Ulaya katika karne ya 19. Wakemia waliona kwamba glukosi ina atomu 6 za kaboni, 12 za haidrojeni na 6 za oksijeni, hesabu ambayo ni sawa na kaboni 6 na molekuli 6 za maji, wakaona ni kaboni iliyoshikana na maji. Baadaye ilidhihirika kwamba hakuna maji yaliyoshikana na chochote humo, lakini jina lilikwisha kukaa. Linalomhusu mgonjwa ni mwisho wa safari tumboni. Wanga humeng'enywa ukawa glukosi. Sukari ya mezani hugawanyika nusu glukosi, nusu fruktosi. Nyuzinyuzi kwa sehemu kubwa hupita bila kupandisha sukari ya damu. Soda ya kawaida ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za kabohaidreti, na gramu 100 za wali uliopikwa zina karibu kiasi hichohicho. Aliyeacha wali akateremshia mboga kwa soda amehamisha mzigo tu, tena kwenda kwenye kinywaji kinachoingia damuni upesi zaidi.

Mafunzo yetu ya lishe yamechangia mkanganyiko huu. Kwa miaka mingi Watanzania walifundishwa makundi matano ya vyakula, ambamo nafaka, mizizi na ndizi zilikaa kundi moja, na sukari na asali zikawekwa pamoja na mafuta. Mpangilio huo ulifaa kupambana na utapiamlo, lakini ulizitenga sukari na wanga kana kwamba hazina undugu. Kisha jina la ugonjwa likaongeza lake: kwa kuwa unaitwa kisukari, wapo wanaoacha sukari ya chai na kuendelea kujaza sahani. Hata sifa za dona zinatokana na hapo. Dona lina nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe, na hilo ni jema, lakini kabohaidreti zake hazipungui sana. Bonge kubwa la ugali wa dona bado ni bonge kubwa.

Atatokea wa kusema kwamba kabohaidreti ni neno zito kwa bibi aliyekuja kupimwa, na kwamba maneno hupanuka: wanga ungeweza kuzoeleka kwa maana pana. Uzito sioni. Bibi huyohuyo anatamka insulini, vitamini na protini bila kujikwaa. Hoja ya kupanuka ina nguvu zaidi, na vitabu kadhaa vimeshaifuata. Lakini neno likipanuliwa hivyo, tutauitaje wanga wenyewe, ule ulio kwenye muhogo na haumo kwenye asali? Heri wanga ubaki na maana yake, na kundi liitwe kabohaidreti. Wanaoandika kabohidrati sigombani nao, tahajia itapatana.

Basi mlo anaoagizwa mgonjwa uitwe mlo wa kabohaidreti kidogo. "Mlo bila wanga" ni jina bovu mara mbili, kwa kuwa linaziacha sukari nje na kudai kufuta kabisa kisichofutwa. Hiyo "kidogo" nayo ina kipimo: watafiti wengi huhesabu chini ya gramu 130 kwa siku, na mlo mkali zaidi huwa kati ya gramu 20 na 50. Mwaka 2019 Chama cha Kisukari cha Marekani kilikiri kwamba kupunguza kabohaidreti ndiko kwenye ushahidi mwingi zaidi wa kushusha sukari ya damu, bila kuweka kiwango kimoja kwa wote. Majaribio yaliyochambuliwa pamoja mwaka 2021 kwa wenye kisukari cha aina ya pili yalionyesha nafuu kubwa kwenye miezi 6, iliyofifia kufikia mwaka. Kwa hiyo si tiba ya miujiza, lakini ni nyenzo yenye nguvu, na nguvu hiyo ina hatari yake. Anayetumia insulini au glibenklamaidi, akipunguza kabohaidreti ghafla na dozi ikabaki ileile, sukari yake inaweza kushuka hadi azimie. Azungumze kwanza na daktari wake, dozi ipangwe upya, ndipo aguse sahani.