Uvira: Siku Stanley alipoona mamba wengi Ruzizi, bila kiboko hata mmoja

Leo watalii wanaofika Bujumbura hulipa pesa wapelekwe kwa mtumbwi wa moteri hadi kwenye delta ya Ruzizi, watazame viboko na mamba. Ng'ambo ya huku, wakaaji wa Kavimvira huwaona wanyama hao hao bila kulipa chochote, na mara nyingi bila kupenda. Historia ya kuwatazama ni ndefu kuliko mpaka wenyewe.

Mwaka 1858 wazungu wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Walikuwa na swali moja: je, mto Ruzizi unatoka ziwani ama unaingia ziwani? Kama ungetoka kuelekea kaskazini, Tanganyika ingeweza kuwa chanzo cha Nili. Wenyeji wa Uvira waliwajibu wazi kwamba mto unaingia. Wageni wakageuza mitumbwi bila kuufikia mdomo wa mto, na Ulaya mabishano yakaendelea.

Mnamo Novemba 1871 Livingstone na Stanley wakarudia safari hiyo. Walifikia Mugihewa, kwa chifu Ruhinga, kiisha wakaingia kwa mtumbwi kati ya matete ya delta. Waliona mto umegawanyika katika matawi yasiyo na kina kirefu, na maji yote yakienda ziwani. Jibu la watu wa Uvira lilikuwa la kweli tangu mwanzo, ila lilingoja miaka 13 mzungu alione kwa macho yake.

Siku hiyo Stanley aliandika jambo lingine: mamba walijaa kila mahali, lakini hakuona kiboko hata mmoja. Alidhani ni kwa sababu maji ya Ruzizi yalikuwa mafupi. Leo viboko wapo, na wanajulikana. Siku moja ya kutazama haitoshi kuelewa mto. Anayeujua ni yule anayelala kando yake.

Baada ya ukoloni kuchora mipaka, tawi la Ruzizi Ndogo likawa mpaka, na wanyama wakagawanywa kwenye karatasi. Upande wa Burundi, delta ilianza kulindwa mwaka 1980. Huko ndiko jina la Gustave, mamba mkubwa anayesemwa kuwa ameua watu wengi, lilikotoka hadi kufika kwenye filamu mwaka 2004. Upande wa Kongo, mashamba, nyumba na njia za viboko viko pamoja.

Vita navyo vina sehemu yake. Katika Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, viboko walihesabiwa karibu 29,000 katika miaka ya 1970. Kufikia 2005 walikuwa wamebaki chini ya 1,000, kwa sababu wenye silaha waliwaua kwa ajili ya nyama na meno. Bonde la Ruzizi pia lilipitiwa na vita, tangu Oktoba 1996 Uvira ilipoangushwa. Bunduki inapofukuza watu, wanyama nao hawasalimiki.

Kisha kuna ziwa lenyewe. Wakati wa Livingstone lilikuwa likipanda, kwa sababu njia yake ya kutokea, mto Lukuga, ilikuwa imezibwa. Karibu mwaka 1878 maji yalipasua kizuizi hicho na ziwa likashuka. Likapanda tena mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 2024 maji yaliingia tena katika nyumba za Kavimvira na kwenye bandari ya Kalundu. Wazee wanaosema kwamba ziwa hurudi kuchukua pahali pake hawasemi hadithi tupu.

Maji yakipanda, kiboko hupanda nayo. Mchana hukaa majini. Jioni hutoka kula majani, hata kilo 40 kwa usiku mmoja, na hufuata njia ile ile aliyoizoea. Nyumba ama hema likiwekwa kwenye njia hiyo, hatageuka kwa urahisi. Aliye hatarini zaidi ni mtu anayesimama kati yake na maji.

Ndiyo maana jambo hili linazigusa kwanza familia zilizohama, kwa mafuriko ama kwa vita. Mgeni aliyefika juzi hajui njia za viboko, na mara nyingi anapewa kiwanja ambacho mwenyeji alikikataa. Watoto wake ndio wanaotumwa kuchota maji jioni. Kabla ya kusimamisha hema kando ya ziwa, inafaa kuuliza wavuvi na wazee: wanapitia wapi, na saa ngapi? Burton aliuliza Uvira akajibiwa kweli, lakini jibu hilo halikuaminiwa. Yeye alipoteza sifa tu. Anayelala ufukweni anaweza kupoteza mtoto.