Kaa na kamba: kutoka vijito vya Bweyeye hadi mikoko ya Pwani

Bweyeye iko wilayani Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, kati ya msitu wa Nyungwe na mpaka wa Burundi. Vijito vya upande huu humwaga maji yake Rusizi, mto unaotoka Ziwa Kivu na kuingia Ziwa Tanganyika. Chini ya mawe ya vijito vya milima hii huishi kaa. Mfanyabiashara aliyezoea bei za kaa Mombasa au Dar es Salaam anaweza kudhani hapa pana mali iliyolala. Kabla ya kufikiri hivyo, ni vizuri ajue tofauti ya kaa hawa wawili.

Kaa wa mtoni

Kaa wa maji baridi wa Afrika Mashariki wengi ni wa jamii ya Potamonautes. Jike hutaga mayai machache makubwa, makumi hadi mamia, na huyabeba chini ya tumbo. Yakianguliwa hutoka vikaa vidogo vilivyokamilika, ambavyo hubaki kwa mama kwa muda. Hakuna mtoto anayechukuliwa na maji kwenda mbali. Kwa hiyo kijito kikimalizwa kaa wake, hujazwa tena polepole sana.

Kaa hawa hula majani yaliyooza na wadudu, na wao huliwa na fisi maji. Sumu inayomwagwa mtoni kuvua samaki, pamoja na tope la uchimbaji wa dhahabu na mmomonyoko wa udongo, huwadhuru. Msitu wa Nyungwe ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2023. Kutoa viumbe hifadhini bila kibali ni kosa.

Ziwa Tanganyika

Maji ya Rusizi yanakoishia kuna kaa wasiopatikana kwingine duniani, wa jamii ya Platythelphusa, na zaidi ya aina 10 za kamba wadogo wa ziwa hilo tu. Kaa mmoja, Platythelphusa armata, ana gando nene la kuvunjia konokono. Watafiti wanaeleza kwamba ndiyo sababu baadhi ya konokono wa Tanganyika wana magamba mazito kama ya baharini.

Pwani ni tofauti

Kaa wa mikoko, Scylla serrata, huishi kwenye matope ya Lamu, Mida, Rufiji na Zanzibar. Jike huenda baharini kutaga mayai yanayofikia mamilioni, na watoto huelea kabla ya kurudi mikokoni. Kamba wa pwani nao huzaliwa baharini, hukulia mikokoni, kisha hurudi baharini. Mikoko ikikatwa, wote wawili hukosa mahali pa kukulia.

Hata wingi huu una mwisho. Kenya ilisimamisha meli za kukokota nyavu za kamba katika Ghuba ya Ungwana mwaka 2006, baada ya ugomvi wa muda mrefu na wavuvi wadogo.

Majina sokoni

Kamba wadogo waliokaushwa huitwa uduvi huko Pwani. Katika Ziwa Victoria upande wa Kenya, kamba wadogo wa Caridina nilotica huitwa ochonga kwa Kijaluo, na wengi huishia kwenye chakula cha kuku. Unapoagiza mzigo, taja kama ni wa kuliwa na watu au wa mifugo.

Imani na afya

Waislamu wa Pwani, wengi wao wa madhehebu ya Shafi, hula kamba, ila kuhusu kaa wanazuoni wametofautiana kwa kuwa huishi majini na nchi kavu. Waadventista Wasabato hawali kaa wala kamba, kwa kufuata Mambo ya Walawi sura ya 11. Muuzaji ajue wateja wake kabla ya kushusha mzigo. Neno saratani nalo limetoka katika jina la kaa kwa Kiarabu. Na methali yasema: kaa akiinua gando, mambo yamekatika.

Mwaka 1950 ilibainika kwamba viluwiluwi vya inzi Simulium neavei, anayeeneza upofu wa mtoni, hukua vikiwa vimejishika kwenye kaa wa mtoni. Nchini Kenya inzi huyo alitokomezwa Nyanza katika miaka ya 1950 kwa dawa iliyowekwa mitoni. Kaa mwenyewe haenezi upofu. Hata hivyo asiliwe mbichi: katika nchi kama Nigeria na Kameruni kaa wa mtoni hubeba minyoo ya mapafu.

Kwa mfanyabiashara

Kaa akifa huharibika upesi. Husafirishwa hai, mahali penye unyevu na ubaridi, au akiwa amegandishwa. Kwa safari ndefu ya kwenda Rusizi, uduvi mkavu una hasara ndogo. Mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani uliotoka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki unaweza kutumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa, ikiwa bidhaa hiyo imo katika orodha. Cheti cha afya bado kinahitajika. Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024, hivyo uliza hali ya njia kabla ya kupakia.

Kaa wa vijito vya Bweyeye tumwache mtoni. Kaa wa biashara atoke Pwani, ambako huzaa kwa wingi na uvuvi wake una utaratibu.