Nishani Zisizoandikwa: Askari na Wapagazi wa Ufipa katika Madaftari ya Vita Kuu Mbili

Kurekebisha kumbukumbu za utumishi wa askari, yaani kulifungua upya jalada la mtu aliyekwisha kuachishwa jeshi, kulipima kwa ushahidi mwingine na kuingiza humo nishani aliyoistahili lakini haikuandikwa, ni kazi inayodhaniwa kuwa ya makarani tu, ilhali ndani yake mna historia ya jinsi dola za kikoloni zilivyowahesabu watu waliozipigania. Katika nyanda za juu za Ufipa historia hiyo ina ajabu yake: wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia, waliotaabika kuliko wote, ndio walioacha karatasi chache kuliko wote, na askari waliokwenda kupigana mbali kabisa na kwao, Madagaska na Burma, ndio ambao madai yao yanaweza kuthibitishwa hata leo. Haki ya nishani ilifuata wingi wa karatasi, wala si ukubwa wa taabu, na ndiyo maana babu anaweza kukumbukwa na ukoo mzima kuwa alikuwa askari bila jina lake kuonekana katika orodha yoyote ya waliotunukiwa.

Ufipa, uliokaa kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, ulikuwa na tawala mbili kubwa za Nkansi na Lyangalile, na Wajerumani walipouingiza katika koloni lao waliutawala kutoka Bismarckburg, boma walilolijenga Kasanga kando ya ziwa. Sumbawanga ilikuja kuwa makao ya wilaya baadaye, chini ya Waingereza. Majengo, ambayo leo ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, ina jina linalopatikana katika miji mingi ya Afrika Mashariki, tangu Dodoma na Moshi hadi Mombasa na Nairobi, kwa kuwa ndilo lililozoeleka kwa mitaa ya Waafrika iliyokua kando ya boma na soko. Mitaa ya namna hiyo inaihusu sana habari hii. Daftari la jeshi lilimwandika mtu kwa kabila lake, wilaya yake, mtemi au jumbe wake na kijiji chake, hata mstaafu aliyehamia mjini baada ya vita, akajulikana huko kwa jina la ubatizo, au la Kiislamu, au kwa jina la mtoto wake wa kwanza, akawa ametengana na mtu aliyemo daftarini ingawa ni yeye yule.

Vita vilipoanza Agosti 1914, Ufipa ulijikuta mpakani kabisa, kwa maana ng'ambo ya pili kulikuwa na Abercorn ya Waingereza, mji ambao sasa huitwa Mbala na uko Zambia. Mwaka 1915 palipiganwa Saisi, karibu na Abercorn, na kati ya Mei na Juni 1916 safu ya Waingereza iliyoongozwa na Luteni Kanali Ronald Murray ilivuka mpaka, ikaichukua Namema, ngome ya Wajerumani, na baada yake Bismarckburg. Jeshi lisilo na reli wala barabara ya magari liliishi kwa vichwa na mabega ya watu; mpagazi mmoja alibeba mzigo wa takriban kilo 25, na kwa kuwa naye alikula, ilibidi wapagazi wengine wabebe chakula cha wapagazi, na mwendo ulivyozidi kuwa mrefu ndivyo idadi ya watu waliotakiwa ilivyozidi kupanda. Katika vita vyote vya Afrika Mashariki Waingereza walitumia wapagazi wapatao milioni moja, na wanahistoria hukadiria waliokufa kuwa karibu 100,000, wengi wao kwa kuhara, homa ya mapafu na utapiamlo. Upande wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, waliitwa tenga-tenga, na upande wa Tanganyika kikosi chao kimeacha jina lake Kariakoo ya Dar es Salaam.

Si kweli kwamba wapagazi hawakuandikwa kabisa. Oscar Watkins, aliyesimamia idara ya wapagazi ya jeshi la Uingereza, alianzisha madaftari yenye namba za watu, na namba hizo zilichongwa katika vipande vya chuma walivyovaa. Lakini daftari hilo lilibuniwa kwa ajili ya posho na mishahara, na hata katika jambo hilo lilishindwa, kwa sababu mishahara ya maelfu ya waliokufa ilibaki bila mdai baada ya warithi wao kutojulikana walipo. Waliochukuliwa vijijini safu ilipopita, wakabeba mizigo kwa majuma au miezi, kisha wakaachwa warudi kwao kwa miguu, hawakuwa hata na kipande hicho cha chuma. Askari wa Kikosi cha Wapiga Bunduki wa Mfalme, KAR kwa kifupi na Keya katika vinywa vya watu, waliingizwa katika orodha za nishani za vita hivyo, nazo zilichongwa namba, cheo na jina la mwenyewe, na kwa hiyo nishani yenyewe ni hati. Medali ya Vita ya Uingereza ilitengenezwa kwa fedha, ingawa kwa vikosi kadhaa vya vibarua wasio Wazungu ilitolewa ya shaba, tofauti inayoeleza fikra za wakati ule kuliko hotuba yoyote ya gavana. Mpagazi wa njiani hakuwa na orodha ya kumfikisha hata kwenye shaba.

Askari waliopigana upande wa Wajerumani walikuwa na shida ya namna nyingine, kwani serikali iliyowaandika ilitoweka. Tarehe 25 Novemba 1918, Paul von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn akiwa na askari Waafrika zaidi ya 1,100, nao wakateremshwa hadi Kasanga, wakavushwa kwa meli hadi Kigoma na kupelekwa Tabora kwa reli, kwa hiyo Ufipa ndio uliokuwa njia ya kutokea ya jeshi hilo lililokwisha. Mwaka 1964, mwaka ambao Lettow-Vorbeck alifariki, bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari waliokuwa bado hai. Charles Miller, katika kitabu alichokitoa mwaka 1974 kuhusu vita hivyo, anasimulia kwamba wazee wapatao 350 walijitokeza Mwanza, wachache tu wakiwa na vyeti, na kwamba ofisa aliyeleta fedha aliwapa fagio mmoja mmoja na kuwaamuru kwa Kijerumani wafanye gwaride la bunduki, asishindwe hata mmoja. Huenda simulizi hilo limetiwa chumvi, lakini linaonyesha hali halisi ya madai ya aina hii, kwamba cheti kikikosekana mdai hulazimika kuleta ushahidi mwingine, na kwamba ushahidi huo hufaa pale tu anayeamua anapokubali kuupokea.

Vita ya Pili ya Dunia iliandikwa kwa utaratibu zaidi. Watu wa Tanganyika wapatao 87,000 waliingia jeshini, na makao makuu ya Kamandi ya Afrika Mashariki yalikuwa Nairobi, huko ndiko habari za utumishi wao zilikokusanywa. Nishani za vita hivyo hazikutolewa kwa ushujaa bali kwa mahali na muda, na masharti yake yalikuwa ya hesabu: Nyota ya 1939–1945 ilihitaji kwa kawaida miezi 6 katika eneo la mapigano, Medali ya Vita ilihitaji siku 28 za utumishi, Nyota ya Afrika ilihusu Afrika Kaskazini pamoja na Ethiopia, Eritrea na Somalia, na Nyota ya Burma ilihusu utumishi wa kuanzia Desemba 1941 hadi Septemba 1945. Askari wa kikosi cha 6 cha KAR, kikosi cha Tanganyika, aliyepigana Ethiopia mwaka 1941, akaenda Madagaska mwaka 1942, kisha akafikishwa Burma, alistahili nyota zaidi ya moja. Mwenzake wa kikosi cha 36, kilichokuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki na kupita bonde la Kabaw hadi mto Chindwin mwaka 1944, alistahili Nyota ya Burma bila ya ile ya Afrika.

Kwa kuwa haki ilipimwa kwa mahali na siku, kosa dogo la karani lilitosha kuifuta. Askari aliyehamishwa kutoka kikosi kimoja hadi kingine, aliyelazwa hospitali ya Ceylon, Sri Lanka ya leo, huku wenzake wakisonga mbele, au aliyeandikwa mara ya pili kwa jina lililosikika tofauti katika sikio la Mwingereza, angeweza kuwa na majalada mawili yenye nusu nusu ya utumishi wake, na hakuna hata moja lililotimiza miezi inayotakiwa. Raia waliolazimishwa na sheria za vita kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na mpira hawakuwa na jalada la jeshi kamwe. Hata kiinua mgongo kilipimwa kwa rangi: nyaraka zilizotangazwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba askari Mwafrika wa cheo cha chini aliahidiwa kwa kila mwezi wa utumishi takriban theluthi ya alichopewa mwenzake Mzungu wa makoloni hayo hayo.

Kwamba jalada lingeweza kufunguliwa tena pale wakubwa walipotaka ni jambo lenye mfano ndani ya kikosi hicho hicho cha 6. Sajini Nigel Leakey, mlowezi wa Kenya, aliuawa Colito nchini Ethiopia tarehe 19 Mei 1941 baada ya kupanda juu ya kifaru cha Waitalia na kuwashambulia waliokuwamo, lakini Msalaba wa Viktoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, alitangaziwa Novemba 1945, miaka zaidi ya 4 baadaye. Kambi ya Dar es Salaam ilipewa jina la Colito. Humo ndimo maasi ya askari yalimoanzia tarehe 20 Januari 1964, na baada ya jeshi la zamani kuvunjwa na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) kuundwa Septemba mwaka huo, kambi ikaitwa Lugalo, kwa ukumbusho wa ushindi wa Wahehe dhidi ya Wajerumani mwaka 1891. Taifa jipya lilikuwa na sababu nzuri ya kuchagua Lugalo. Hata hivyo jina hilo lilipobadilika, askari Waafrika waliokuwapo Colito walipoteza ukumbusho wa hadharani wa mapigano yao.

Kuhusu kufungua majalada tena, Marekani iliweka njia ya kisheria mwaka 1946, ikaruhusu bodi za raia kusahihisha kumbukumbu za jeshi kila zilipokuwa na kosa au dhuluma, na kwa uchunguzi uliofanywa baadaye, Januari 1997 wanajeshi weusi 7 wa Vita ya Pili walipewa Medali ya Heshima, mmoja tu akiwa hai. Uingereza imefuata njia nyembamba zaidi. Kwa kanuni yake ya muda mrefu, nishani mpya haianzishwi kwa utumishi uliopita zaidi ya miaka 5, ingawa Nyota ya Aktiki ya mwaka 2013 ilipita kando ya kanuni hiyo. Lakini nishani ya Vita ya Pili ambayo mtu aliistahili bila kukabidhiwa huweza bado kuombwa na mwenyewe au mrithi wake katika Wizara ya Ulinzi. Nishani za Vita ya Kwanza hazitolewi tena.

Mrithi wa Ufipa anayeomba nishani ya Vita ya Pili ana kazi ya kumwunganisha mtu mmoja katika karatasi zilizotawanyika, na hapo eneo hili lina bahati ambayo wilaya nyingine hazina. Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kama White Fathers, walikuwa wamekwisha kujenga misheni kandokando ya ziwa na juu ya nyanda kabla ya vita, na vitabu vya ubatizo na ndoa vya Kanisa huandika jina la baba, mama na kijiji, mambo yale yale ambayo karani wa jeshi aliyauliza. Kitabu cha ubatizo hakithibitishi kwamba mtu alifika Burma, ila huthibitisha kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, na mara nyingi hilo ndilo linalokosekana. Upande wa jeshi, majalada ya askari Waafrika, tofauti na ya maofisa Waingereza, yalibaki Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa. Katika miaka ya karibuni mafaili ya KAR yaliyohifadhiwa na Jeshi la Ulinzi la Kenya yametoa majina ya askari zaidi ya 3,000 wa Vita ya Kwanza waliokuwa hawajulikani.

Kazi hiyo ya majina ilichochewa na ripoti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ya Aprili 2021, iliyokiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, Waafrika na Waasia wengi wao, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na Wazungu, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, hasa wa Afrika Mashariki na Misri. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni siku ripoti ilipotoka. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, ni ya askari na wapagazi wa Afrika Mashariki wote kwa pamoja na haina jina la hata mmoja, na Tume sasa hupokea majina yenye ushahidi ili iyaingize katika orodha zake. Kwa Vita ya Kwanza, hata hivyo, orodha hizo ni za waliokufa kati ya tarehe 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, kwa hiyo mpagazi aliyebeba mizigo kutoka Namema, akarudi kwao Ufipa akiwa hai na kufariki miaka 10 baadaye, hana nishani ya kudaiwa Uingereza wala nafasi katika orodha ya Tume.