Mogo ni muhogo wetu

Kimya kimezidi, insha za muhula huu zimenikaba koo. Leo tuongelee tumbo, maana kila mgeni anayefika hapa Leicester toka nyumbani haulizi maktaba iko wapi. Anauliza unga wa sembe unapatikana wapi.

Jibu fupi: Belgrave Road na mitaa ya jirani, maduka ya Wahindi. Sembe ipo, bamia, mbaazi, choroko, ukwaju, tui la kopo, vyote vipo. Mchicha ukikosekana chukua spinachi, ila usiweke maji, inatoa yake ya kutosha. Unga ukiisha usiku semolina inasongeka, ingawa mtu wa Iringa atakununia. Na jihadharini na kile kiboksi cha supamaketi kinachoitwa unga wa mahindi: kwa Waingereza huo ni wanga mtupu wa kuzitisha mchuzi. Ukisonga unapata gundi.

Jibu refu ndilo lililonikosesha usingizi. Nenda katafute muhogo kwenye maduka hayo, utakuta kibao kimeandikwa MOGO. Usidhani ni neno lililotoka India. Kerala, ambako wanaula sana, wanauita kappa. Mogo ni muhogo wetu huu huu, umepunguzwa silabi tu. Na hauko peke yake: Wagujarati wa hapa waliotoka kwetu utawasikia nyumbani kwao wakisema fagio, kisu, sufuria.

Haya maneno hayakuja na watalii jamani. Kenya ilipoanza kuwabana wasio raia kwenye kazi na leseni za biashara mwaka 1967, Waasia wengi wenye pasi za Uingereza walikimbilia huku, na mwaka 1968 bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuwazuia kwa siku chache tu. Kisha Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Kama 28,000 hivi waliingia Uingereza, wengi wakiwa na sanduku na pauni chache tu mfukoni. Wengi walipelekwa kwanza kwenye kambi za zamani za jeshi.

Na Leicester? Septemba 1972 halmashauri ya mji ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus, kule kule Kampala, kuwaambia nyumba zimejaa, shule zimejaa, msije. Wakaja kwa maelfu. Wapo wanaosema tangazo lenyewe ndilo lililowaonyesha njia! Wakafungua maduka, na wateja wao hawakuwa wanalilia India tu, maana wengine hawakuwahi hata kufika huko. Walililia Kampala, Kisumu na Mombasa. Ndiyo maana muhogo ukatafutwa mpaka ukapatikana. Siku hizi mwingi unatoka Costa Rica, umepakwa nta usioze njiani, au ule uliomenywa na kugandishwa, ambao kwa mwanafunzi ndio nafuu. Na wanaukaanga kwa pilipili na ndimu, kama tunavyoufanya sisi.

Sasa hapa ndipo panaponiuma. Watanzania tukikutana huku tunapenda kumcheka Amin, kana kwamba sisi hatukuwemo. Lakini mwaka 1971 sheria yetu ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na wenye nyumba wengi walioguswa walikuwa Waasia. Wengi wao wakaondoka. Mwalimu hakumpa mtu siku 90, ni kweli, na nia ya kumaliza unyonyaji wa kodi za nyumba naielewa. Ila mtu aliyezaliwa Tanga, akajikuta amehama na sufuria zake, sidhani tofauti hiyo ilimpoza sana.

Mzee mmoja wa dukani aliponisikia naongea na simu aliniuliza kwa Kiswahili natoka wapi. Nikamwambia Tanga.

"Tanga barabara ya ngapi?"

"Ya kumi na mbili, shikamoo."

"Marahaba. Sisi tulikuwa karibu na bandari. Nyumba ilichukuliwa sabini na moja."

Alisema bila hasira, huku anapima mogo. Kisha akaniuliza kama barabara zile bado zinaitwa kwa namba. Nikamwambia bado.